Kabla ya kununua mfumo wa kutafutia maktabani, wakalisheni wanafunzi wautumie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu malalamiko yanayojirudia kwenye ukurasa wako wa maoni, kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu siku hizi ni wavivu, hawagusi majarida ya kitaaluma ambayo vyuo vinayalipia fedha nyingi, na kila wakipewa kazi wanakimbilia Google. Mimi ni mkutubi. Nakaa dawati la marejeo katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na wanafunzi hao ndio ninaoshinda nao. Wavivu wapo, kama walivyokuwepo enzi zetu. Lakini wengi ninaowaona wanahangaika kweli kweli, na kinachowahangaisha ni mifumo tunayowapa watafutie.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Maktaba ya chuo leo si rafu za vitabu tu. Ina katalogi yake, ambayo kwa vyuo vingi nchini huendeshwa kwa Koha, programu huria iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000. Ina hazina ya tasnifu za waliotangulia. Ina kanzidata za majarida, yaani hazina za makala zinazofunguliwa kwa kompyuta: Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, AJOL kwa majarida ya Afrika, na nyingine nyingi ambazo vyuo huzipata kwa kuungana chini ya COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania. Kila moja ina tovuti yake na namna yake ya kutafuta. Ndiyo maana ikabuniwa mifumo ya utafutaji wa pamoja: mwanafunzi anaandika neno mara moja, mfumo unalipeleka kwenye kanzidata zote kwa mkupuo, unasubiri kila moja ijibu, halafu unamkusanyia majibu kwenye orodha moja.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya waliipokea kwa mikono miwili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walinunua MetaLib, WebFeat na mingineyo. Novemba 2004 ikatoka Google Scholar, huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Mwaka uliofuata OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake jimboni Ohio, ukatoa ripoti iliyowashtua wakutubi wengi: asilimia 84 ya waliohojiwa walisema huanza kutafuta habari kwenye injini za utafutaji kama Google, na walioanzia kwenye tovuti ya maktaba walikuwa asilimia 1. Watu hao walitoka nchi 6, zikiwemo Marekani, Uingereza na India. Hakukuwa na nchi ya Afrika hata moja. Kwa hiyo anayedhani hii ni tabia mbovu ya kijana wa Kitanzania wa leo, naomba azitazame tarakimu hizo, za watu wa mbali, za miaka ishirini iliyopita.

Wakutubi wa huko hawakuishia kulaumu. Waliwaita wanafunzi, wakawakalisha mbele ya kompyuta mmoja mmoja, wakawapa kazi ya kutafuta, wakakaa pembeni kuangalia. Walichokiona kinafanana mno na ninachokiona mimi. Wanafunzi hawakujua wachague kanzidata ipi kwa sababu majina yake hayakuwaambia chochote. Hawakusubiri kanzidata iliyochelewa kujibu. Hawakutofautisha kitabu, makala na muhtasari. Waliandika swali zima kama wanavyoandika kwenye Google. Kuanzia 2009, ilipokuja Summon na baada yake mifumo mingine ya aina hiyo, teknolojia yenyewe ilibadilika: badala ya kuuliza kila kanzidata papo hapo, taarifa za makala hukusanywa mapema kwenye faharasa moja kubwa, na majibu huja haraka. Hayo ni maendeleo, sibishi. Lakini kasi haimsaidii mtu asiyeelewa kilichoandikwa kwenye skrini.

Sasa nije kwetu. Kwa ruhusa ya mkuu wangu nilianza kuwaalika wanafunzi waje nikae nao, mmoja baada ya mwingine, wautumie mfumo wetu. Nawaeleza tangu mwanzo kwamba ninaupima mfumo, siwapimi wao, na kwamba wanapofanya kazi waseme kwa sauti kila wanachofikiri.

Nitamweleza mmoja. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, msichana makini, daftari lake limepangwa vizuri. Nilimpa kazi halisi: tafuta makala kuhusu mlipuko wa homa ya dengue Dar es Salaam, makala kamili unayoweza kuisoma yote. Dengue imeusumbua mji huu, 2014 na tena 2019, kwa hiyo nilijua makala zipo. Aliandika “dengue Dar es Salaam”. Sawa kabisa. Kwenye skrini zikatokea kanzidata zilizoorodheshwa kwa majina, kila moja na duara linalozunguka. Moja ikajibu. Ya pili ikajibu. Ya tatu ikaandika kwa Kiingereza kwamba muda umekwisha. Akasema, “Hapa sijui nisubiri au ndiyo imegoma.” Akabofya jibu la kwanza, likamtoa nje ya mfumo hadi tovuti ya mchapishaji, na hapo akakuta bei kwa dola. Akasema taratibu, “Kumbe inalipiwa,” akafunga.

Mhariri, makala ile chuo kilikuwa na haki ya kuisoma. Kanzidata nyingi humtambua msomaji kwa anwani ya intaneti ya chuo, na siku ile laini ya chuo ilikuwa imekatika, tukawa tunatumia laini ya akiba yenye anwani ambayo mchapishaji haijui. Mtu aliye hosteli kwa bando la simu yake hukutana na ukuta huo huo kila siku. Mfumo ulijua fika kwamba chuo kina haki hiyo, lakini haukumwambia aingie kwanza kwa nywila yake ya chuo. Kiungo cha kuingilia kilikuwepo, juu kabisa kulia, kwa maandishi madogo ya kijivu. Hakukiona, na yeyote aliyekaa kwenye kile kiti baada yake hakukiona. Yule binti alichomoa simu yake, akaandika maneno yale yale kwenye Google, na muda si mrefu alikuwa na makala nyingine kamili, ya bure, kuhusu dengue hiyo hiyo. Je, huyo ni mvivu?

Mwingine alikuwa wa shahada ya uzamili ya Kiswahili. Alitaka makala za uhakiki wa ushairi, zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mfumo ukamjibu kwamba hakuna kilichopatikana. Majarida kama Mulika na Kioo cha Lugha, yanayotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapa hapa mjini, hayakuwa yameunganishwa. Wakati wa kuuchagua hakuna aliyekumbuka kujaribu kutafuta kitu kwa lugha yetu. Hili liliniuma kuliko yote, maana mwanafunzi aliondoka akiamini kwamba hakuna aliyeandika.

Na wa sheria hali ni hiyo hiyo. Hukumu za mahakama zetu ziko bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, lakini mfumo haukuwa unafika huko.

Nataka wakutubi wenzangu wasikie jambo jingine nililojifunza, kwa sababu miongozo iliyoandikwa ng’ambo hailigusi. Watoto wetu wana adabu. Yule wa uuguzi, baada ya kukwama pale nilipoeleza, nilipomuuliza mwishoni anauonaje mfumo, alinijibu, “Madam, mfumo uko vizuri sana.” Alisema hivyo kwa heshima, kwa mtu mzima aliyemwamkia shikamoo alipoingia. Ndiyo maana siyaamini madodoso tunayowagawia wanafunzi, yale ya weka alama ya vema kama umeridhika. Yanarudi yote yamejaa vema. Mpe mtu kazi, kisha angalia mikono yake na usikilize anachonong’ona. Na ikiwezekana anayekaa naye awe mwanafunzi mwenzake aliyefundishwa namna ya kuuliza, mkutubi akae nyuma. Tulipofanya hivyo ndimi zilifunguka. Tukaanza kusikia “hii nayo inataka nini sasa?”, na “ngoja nirudi nyuma, nimepotea”, maneno ambayo mimi nisingeambiwa hata siku moja.

Nimeulizwa gharama. Zinakuwa ndogo kuliko za semina moja ya kutufundisha mfumo huo. Inatosha chumba tulivu, kompyuta moja, simu ya kurekodia, karatasi yenye kazi nne au tano za kutafuta, na bando la kumshukuru kila aliyekuja. Jakob Nielsen, ambaye ni mtaalamu wa kupima jinsi watu wanavyotumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, na kwamba ni bora kupima mara kadhaa na watu wachache, ukirekebisha katikati, kuliko kupima mara moja na umati. Tahadhari yake ni kwamba makundi yanayotofautiana sana yapimwe kila moja peke yake. Kwetu maana yake ni kwamba usiwachanganye wa mwaka wa kwanza, ambao wengine ndiyo kwanza wanagusa kompyuta, na wa uzamivu. Na lazima wapimwe kwa simu pia, kwa sababu huko ndiko wanakofanyia kazi zao. Ukiona skrini ya mfumo wetu kwenye simu ndogo, safu ya upande wa kulia inatoka nje kabisa, na kitufe cha kufungua makala kiko kwenye safu hiyo.

Baadhi ya tulivyoviona tulivirekebisha wenyewe bila kumlipa mtu. Kiungo cha kuingilia tulikishusha chini ya kisanduku cha kutafutia na kukiandika kwa maneno ya kawaida: “Uko nje ya chuo? Ingia hapa kwanza usome bure.” Orodha ya kanzidata tuliibadilisha ikawa kwa masomo. Muunganisho na majarida ya hapa nyumbani bado tunaufuatilia.

Lakini mengi hayarekebishiki baada ya mkataba kusainiwa, na hili ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Mifumo hii huchaguliwa kwenye ukumbi wa mikutano. Muuzaji anakuja na kompyuta yake na intaneti yake, anaandika “climate change”, majibu elfu kadhaa yanamiminika, wakuu wanaridhika, mkataba wa miaka mitatu unasainiwa. Mwanafunzi hayupo ukumbini. Naomba bodi za zabuni za vyuo ziweke sharti jepesi: mzabuni atoe mfumo wake kwa majaribio, wanafunzi wa chuo waufanyie kazi halisi kwa kompyuta, simu na intaneti ya chuo, na matokeo yaingie kwenye alama za zabuni pamoja na bei. COTUL, ambayo tayari inatuunganisha kwenye kulipia majarida, inaweza kukusanya matokeo ya vyuo vyote ili chuo kidogo cha mkoani kisianze upya. Nayo Tume ya Vyuo Vikuu, inapokagua maktaba, iongeze swali moja juu ya yale ya idadi ya vitabu, viti na kompyuta: mara ya mwisho mliwaangalia wanafunzi wakitafuta ni lini, na mlibadilisha nini?

Bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai zinapangwa sasa. Chuo chochote kitakachotaka karatasi yetu ya kazi za kutafuta na maelezo ya jinsi tunavyowaketisha wanafunzi, maktaba yetu itaitoa bila malipo. Waandike kupitia ofisi ya COTUL, nasi tutawajibu.

Mkutubi wa marejeo,
Dar es Salaam