Barua ya Malalamiko: Dawa ya Majani kwa Mdudu wa Mizizi

Kwa Meneja wa Mauzo,

Nalima muhogo nje kidogo ya Kisangani, jimbo la Tshopo, katika shamba nililofyeka msituni. Mihogo ilipotimiza miezi mitatu, majani yalianza kunyauka na kupukutika. Wakala wenu alikuja, akasimama pembeni ya shamba, akatazama ncha zilizokauka, akasema ni kidung'ata, mdudu wa machipukizi. Akaniuzia dawa ya kunyunyizia majani. Nimenyunyiza mara tatu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mihogo ikazidi kufa.

Nilipong'oa shina moja ndipo nilipomwona adui. Vidude vya mviringo, bapa, vyekundu vya kuelekea kahawia, vimeng'ang'ania kitako cha shina na mizizi michanga kama kupe, na sisimizi wanalamba umajimaji wao mtamu. Huyo ni mdudu gamba wa mizizi, Stictococcus vayssierei. Familia yake ni ndogo, spishi hazifiki 20, na makao yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Anajulikana Kameruni, Gabon na Kongo zote mbili, hasa katika mashamba mapya ya msituni. Anafyonza utomvu chini ya udongo. Dawa ya majani itamfikiaje?

Kidung'ata ni mwingine kabisa. Alitoka Amerika Kusini, hukaa kwenye machipukizi, na tangu 1981 amekuwa akipunguzwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka hukohuko. Chupa yenu inajisifu kuua kila mdudu, basi na nyigu huyo yumo.

Kilichoniuma zaidi ni sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kwa majuma mengi hatukuthubutu kuchuma hata jani moja kwa sababu ya sumu, na nilipochimba, mizizi ilikuwa minene kama kidole tu. Tumekosa mboga, tumekosa na muhogo.

Dukani kwenu nikaambiwa nilichanganya vibaya. Sikubali. Nataka mnirudishie fedha zote za dawa, mfute kwenye chupa maneno "wadudu wote wa muhogo", na wakala wenu ang'oe walau shina moja kabla ya kumuuzia mkulima chochote. Chupa, risiti na mashina mawili yenye wadudu ninavyo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu,
Mkulima wa muhogo, Tshopo