Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa NACTVET: alama 40 za Sheria ya Biashara zinapima nini?

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET),
Dodoma.

Yah: Tathmini endelevu katika somo la Sheria ya Biashara na Maadili

Ndugu Katibu Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika barua hii tunafundisha na kusahihisha Sheria ya Biashara na Maadili kwa wanafunzi wa uhasibu, ununuzi na ugavi, na utawala wa biashara, ngazi ya astashahada na stashahada. Vyuo vingi hugawa alama 100 za somo hili mafungu mawili: 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Hatuna ugomvi na mgawanyo huo. Ombi letu ni kuhusu zile 40, kwa sababu zinavyotolewa sasa zinamneemesha aliyekariri na kumpunja aliyefikiri.

Tuanze na mikataba, mada inayokula sehemu kubwa ya muhula. Swali la kawaida la jaribio husema: "Taja na ueleze mambo yanayoufanya mkataba kuwa halali." Mwanafunzi anashusha orodha kutoka kwenye daftari: makubaliano, malipo halali, uwezo wa kisheria, ridhaa huru, lengo halali. Anaondoka na 8 kati ya 10. Mpe mwanafunzi huyo huyo ugomvi wa wafanyabiashara wawili, hajui aanzie wapi, ilhali kazi inayomsubiri mtaani ni ya kuamua ugomvi, wala hakuna mwajiri atakayemwomba orodha.

Sasa tazama swali la aina nyingine. Jumatatu, muuzaji wa Kibaigwa anamwandikia mnunuzi wa Dar es Salaam kwa WhatsApp: "Nina magunia 200 ya mahindi, gunia sh. 70,000. Nijibu kabla ya Ijumaa saa 6 mchana." Jumatano mnunuzi anajibu: "Nachukua yote kwa 65,000." Muuzaji anakaa kimya. Ijumaa saa 3 asubuhi mnunuzi anaandika tena: "Sawa, 70,000." Dakika 10 baadaye muuzaji anamtumia namba ya akaunti ya benki. Alasiri anamuuzia mtu mwingine mzigo wote kwa 74,000. Mnunuzi wa kwanza anadai nini, na kwa msingi upi?

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, kinataka ukubali uwe kamili na usio na masharti. Aliyesoma shauri la Hyde dhidi ya Wrench la mwaka 1840 kule Uingereza anajua kwamba anayetaja bei yake mwenyewe ameliua pendekezo la kwanza. Kwa hiyo ujumbe wa Jumatano ulilifuta pendekezo la muuzaji, na ile "sawa" ya Ijumaa si ukubali tena, ni pendekezo jipya la mnunuzi. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika "hakuna mkataba". Lakini bado ipo namba ya akaunti. Je, kuituma ni kukubali kwa vitendo, au ni taarifa tu iliyotumwa wakati mazungumzo yanaendelea? Kwa mtazamo wetu hoja ya ukubali ina nguvu zaidi, maana bei na idadi vilikwishatajwa na mtu hatumi namba ya benki bila kutarajia kulipwa. Hata hivyo, mwanafunzi anayetetea upande wa pili kwa kuutumia ukweli wa swali anastahili alama zote.

Ndiyo maana mwongozo wa usahihishaji wa swali kama hili unapaswa kugawa alama 10 hivi: 2 kwa kubaini kwamba maswali ya kisheria ni mawili, 3 kwa kuieleza kanuni sawasawa, 4 kwa kuifunga kanuni na ukweli uliotolewa, na 1 tu kwa hitimisho. Hitimisho likipewa 5, aliyebahatisha anampita aliyejenga hoja. Kanuni ikipewa 7, tumerudi kulekule kwenye kukariri. Na mwongozo huo uandikwe pamoja na swali, kabla ya karatasi ya kwanza kusomwa. Ukiandikwa baada ya kupitia karatasi kadhaa, jibu zuri la mwanafunzi wa kwanza hugeuka kuwa kipimo cha wote wanaofuata.

Maadili yana tatizo lake. Swali la "eleza umuhimu wa maadili katika biashara" halipimi chochote, kwa kuwa hakuna anayeandika kwamba maadili hayana umuhimu. Na swali la rushwa peke yake halitoshi: rushwa imekatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hivyo mwanafunzi anajibu sheria na kudhani amejibu maadili. Maadili hupimwa vizuri pale sheria inaporuhusu lakini dhamiri inasita. Chukua afisa mikopo anayemsainisha mama lishe mkataba halali, akijua kwa hesabu zake mwenyewe kwamba marejesho ya kila wiki yanazidi faida ya mama huyo. Mikopo ya aina hii, iitwayo kausha damu, wanafunzi wanaijua kutoka nyumbani kwao, hivyo hawahitaji kuelezwa mazingira. Kwa alama 15: 3 za kubaini wanaoguswa na kila mmoja alijua nini, 3 za kutenganisha linaloruhusiwa na sheria na linalofaa kutendwa, 5 za kupima njia angalau mbili zilizokuwa wazi kwa afisa huyo, na 4 za uamuzi unaojibu pingamizi lililo zito kuliko yote. Msimamo wa mwanafunzi usisahihishwe. Kinachosahihishwa ni njia aliyoufikia.

Kazi ya kundi ndiyo inayotuumiza zaidi. Kundi la watu 12, wawili wanaandika, mmoja anachapisha, wote wanapata 16 kati ya 20. Tunapendekeza kundi lisizidi watu 5, na nusu ya alama itokane na maswali ya ana kwa ana, dakika 3 kwa kila mwanafunzi. Darasa la 200 lina makundi 40. Kwa dakika 15 kila kundi ni saa 10, yaani saa mbili na nusu kwa wiki katika wiki nne. Ni mzigo, tunakubali, ila unabebeka, na wakuu wa idara wauhesabu kama vipindi.

Maswali hayo ya ana kwa ana yanasaidia jingine. Programu za akili unde huandika majibu yenye mashauri yasiyowahi kuwepo. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mashauri ya aina hiyo. Kila shauri linalotajwa kwenye kazi ya muhula liambatane na jina la mahakama, mwaka na aya iliyotumika; hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Asiyeweza kueleza kilichoamuliwa hapati alama ya shauri hilo.

Kuhusu lugha, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi bado tunamkata alama mwanafunzi kwa Kiingereza chake hata pale hoja yake inapoeleweka. Alama ikatwe pale tu maana inapopotea. Alama 5 za mahudhurio nazo ziondolewe kwenye zile 40. Mahudhurio yabaki kuwa sharti la kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Tunaomba Baraza lielekeze vyuo mambo haya kabla ya muhula ujao. Mgawanyo wa alama utolewe kwa wanafunzi siku kazi inapotolewa. Wakufunzi wawili wasahihishe karatasi 10 zilezile bila kuoneshana, na wakitofautiana kwa zaidi ya alama 3 kati ya 20, wakae waurekebishe mwongozo kabla ya kuendelea na zilizobaki. Kazi irudishwe ndani ya siku 14 ikiwa na maoni yaliyoandikwa, na ya mwisho imfikie mwanafunzi wiki mbili kabla ya mtihani. Leo wengi huziona alama zao zikiwa zimebandikwa ukutani, karatasi yenyewe hawaioni tena, na makosa yaleyale wanakwenda kuyarudia kwenye zile 60.

Tuko tayari kuleta sampuli za maswali na miongozo yake ofisini kwenu Dodoma, siku mtakayopanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakufunzi wa Sheria ya Biashara na Maadili