Shukrani kwa dada wa Maktaba Kuu

Dada yangu mwenye mtandio wa kijani, tulikaa meza moja Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tukaagana sijakuuliza hata jina. Nakushukuru kwa moyo wote.

Nilikuwa nimeacha uhasibu baada ya miaka 11 ili nijifunze sayansi ya data, nia yangu ikiwa kuingia kwenye akili unde (AI). Modeli yangu, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, ilitakiwa itambue magonjwa ya muhogo kwa picha za majani kutoka Uganda, zaidi ya 21,000. Ilipatia mara 6 kati ya 10, na wiki ya tatu hiyo haisogei. Nilikuwa karibu kufunga kompyuta nirudi kazini kwangu kuomba radhi.

Ukaniinamia: "Samahani kaka, umehesabu kila kundi lina picha ngapi?" Tukahesabu. Batobato, mmoja wa magonjwa hayo, peke yake ilizidi nusu ya picha zote! Modeli ilikuwa inajibu "batobato" karibu kila jani, hata lililo zima lisilo na doa. Ukanichorea jedwali la makosa, la kuonyesha modeli inachanganya kundi gani na lipi, nyuma ya risiti ya chai, kisha ukanionyesha namna ya kuyapa makundi madogo uzito zaidi wakati wa kuifunza. Ukasema mhasibu amezoea kutilia shaka jumla, kwa hiyo miaka yangu haikupotea. Neno hilo ndilo lililonibakisha.

Mwezi huu nimeanza kazi ya uchambuzi wa data. Risiti ile ninayo kwenye pochi, wino unafifia. Ukisoma haya, Jumamosi nipo meza ile ile, na chai nalipa mimi.