Mwanangu, jina la nani liko kwenye fomu?

Kisauni, Mombasa
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu, halafu kakako atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Kwenye simu huwa unanikatiza, nami nikikatizwa nasahau nilichotaka kusema. Sisi wazima. Mamako presha ilimpanda kidogo jana usiku, leo imetulia.

Kilichoipandisha unakijua. Tulikuwa mbele ya televisheni tukiwatazama wale wasichana wa shule ya Butere kule Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la drama, na mchezo wao uliozuiwa. Korti Kuu ilikuwa imeamuru wiki moja nyuma kwamba waachwe waigize. Juzi jioni mtunzi wao, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, akakamatwa, na jana vitoa machozi vikarushwa kwa watu waliofika kutazama mchezo wa watoto wa shule. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Mamako aliuliza neno moja tu: "Na wa huyu wetu?" Kisha akaenda jikoni, na hakukuwa na cha kupika.

Kwa hiyo nakuuliza tena, maana jana ulilicheka swali langu. Kwenye fomu mliyopeleka ofisi ya wanafunzi, pale panapotakiwa mtunzi, pameandikwa jina la nani?

Najua. Ulinitumia ujumbe mwenyewe mwezi uliopita: "Baba, mchezo umesajiliwa, mimi ndiye mtunzi." Siku ile nilifurahi, sikufichi. Niliuonyesha ujumbe huo dukani, nikamwonyesha imamu, nikamwonyesha hata yule kijana wa mkokoteni wa maji. Nilisema binti yangu ametunga mchezo Nairobi. Sikufikiri. Nimefikiri jana.

Maana wewe hukuutunga, mwanangu, na hilo silisemi kwa kukushusha. Umenieleza tangu Januari jinsi mnavyofanya: watu kumi na mmoja, hakuna mswada, kila mmoja kaja na kitu kimoja cha siku ile ya maandamano ya Mswada wa Fedha, 25 Juni 2024, mmoja chupa ya maji, mwingine bendera, mwingine kiatu cha mguu mmoja, mwingine simu yenye kioo kilichopasuka. Mnakiweka kitu katikati, mtu anaingia anakichezea, mwingine anaingia kumjibu, mnasimamisha, mnauliza nini kimetokea, mnarudia. Yule mama muuza maji anayesema "Anayekimbia hanunui, hunywa tu", nilikuuliza nani alimpa maneno yale, ukaniambia hamkumbuki tena. Basi kama hamkumbuki, jina lako linafanya nini pale peke yake?

Ofisi inataka jina moja, utaniambia. Fomu ina mstari mmoja. Andika kwa herufi ndogo, mwanangu, geuza karatasi uandike nyuma, ambatisha karatasi ya pili. Kumi na mmoja, wote. Na asiyetaka jina lake liandikwe, aulizwe mapema anatafuta nini katika mchezo huo, aulizwe kwa upole.

Mambo ya Kamirithu, kile kijiji cha Limuru, umeyasoma kuliko mimi. Watu wa kijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi hadharani, wazee wakisahihisha lugha na nyimbo mpaka mchezo ukawa wa kijiji kizima. Oktoba 1977 ukaanza kuonyeshwa, Novemba leseni ikafutwa. Na mwisho wa Desemba hawakukiweka kizuizini kijiji, walimchukua Ngũgĩ wa Thiong'o, akakaa ndani karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mchezo ukitungwa na wengi, anayetafutwa ni yule ambaye jina lake linasomeka. Hata jana ni vivyo hivyo. Watoto wameimba wakarudi kwenye basi, mtunzi alikuwa mikononi mwa polisi. Nami sisemi watoto wakamatwe, Mungu apishe mbali. Nasema walitoka jukwaani pamoja. Hakuna aliyebaki nyuma kusema neno la peke yake. Mkifanya lolote, fanyeni kama wale.

Habari yangu ya Februari 1982, pale ukumbi wa chuo, umeisikia mpaka umeichoka, siianzi. Kuna kipande kimoja tu sikuwahi kukisema. Baada ya mazoezi ya mchezo mwingine wa Ngũgĩ kusimamishwa, rafiki yangu wa chumba alipita na karatasi ya kutia saini, ya kulalamika. Nilimwambia sina kalamu. Ilikuwa mfukoni.

Sasa video ya mchezo wenu. Nimeitazama mara nne, na nitakuambia kama mwalimu, ukitaka ukasirike. Mwanzo ni mzuri sana. Ile nusu dakika mnaposimama kimya kama picha, halafu simu inalia na hakuna anayeipokea, mamako alishika mdomo. Hapo msiguse kitu. Katikati mnahubiri. Mkianza kueleza Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, hadhira itatoa simu zake. Wanaujua. Walikuwepo. Kodi ya mkate ya asilimia 16 inatosha kuonyeshwa na mtoto mmoja anayegawa kipande cha mkate mara mbili.

Polisi wenu ni bango. Anaingia na rungu, anapiga, anatoka. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na wanafunzi wangu wasiopungua sita ni polisi leo. Mmoja alinipigia simu usiku, Julai mwaka jana, baada ya miaka mingi. Hakusema kitu. Aliuliza kama bado nafundisha, nikamwambia nimestaafu, akasema "sawa mwalimu", akabaki kwenye laini bila kukata. Mpeni polisi wenu simu ya namna hiyo. Hamtakuwa mmemsamehe kwa kufanya hivyo. Mtakuwa mmemfanya mtu, na mtu ndiye anayeweza kuulizwa kwa nini alifyatua.

Halafu msimulizi wenu anasema "mamia waliuawa". Nani alihesabu? Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 39 kufikia 1 Julai 2024, na hesabu yake ikapanda hadi 60 baadaye. Semeni nani alihesabu na lini. Thelathini na tisa ni wengi mno, hawahitaji kuongezwa, na mkiongeza mtampa asiyewapenda sababu ya kuwaita waongo.

Na pale mwishoni mnaposoma majina ya marehemu, mmewauliza wazazi wao? Hata mmoja? Sikatai yasomwe. Lakini jina la mtoto wa mtu halichukuliwi gazetini tu likapandishwa jukwaani, kisha watu wakapiga makofi. Mtafuteni mama mmoja, nendeni wawili, mwende mchana, mkae mnywe chai msiulize kitu kwa saa nzima. Akikataa, jina lake liacheni, asiliseme mtu.

Narudi kwenye fomu. Unadhani nakuonea. Kuna jambo ambalo hata mamako halijui lote.

Mwaka 1991 nilikuwa mlezi wa klabu ya drama katika shule moja ya bweni, si ya hapa Mombasa. Tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha za drama za mkoa, na nilikuwa nimeanza kuwafundisha wale vijana kutunga bila mswada, kama mnavyofanya nyinyi, ingawa sikuwa na jina la kitaalamu la kuita. Mchezo ulihusu zizi la mbuzi. Jioni moja kijana wa kidato cha tatu, aliyekuwa mchungaji, akatoka nje ya mstari akasema: "Mwenye zizi amelala mwaka wa kumi na tatu huu, na kila akikoroma tunaambiwa tupige makofi." Hesabu mwenyewe, kutoka 1978, Moi alipoingia Ikulu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia simama pale mbele, uiseme polepole.

Mimi nilikuwa mtu wa haki, ndivyo nilivyojiona. Sikutaka mtoto atoe wazo zuri kisha lionekane la mwalimu. Kwa hiyo nilikuwa na daftari la mazoezi, na kila mstari uliozaliwa nauandika na pembeni naandika aliyeusema. Jina, kidato, tarehe. Kwa wino mwekundu.

Habari zilifika ofisini. Mwalimu mkuu akataka kujua nani kaandika maneno yale. Daftari likachukuliwa, kijana akaitwa, akatumwa nyumbani siku hiyo hiyo na sanduku lake. Tukaenda mkoani na mchungaji mwingine na zizi lisilo na mwenyewe. Desemba mwaka ule ule kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, vyama vingi vikarudi, na watu wakawa wanasema sokoni maneno makali kuliko yale. Yeye alikuwa ameshapotea masomo.

Jina lake sitaliandika hapa. Nimeshaliandika mara moja mahali pasipofaa.

Mwaka 2009 nilimkuta Kongowea anauza vitunguu. Wewe ulikuwa mdogo, nilikuwa nimekushika mkono, labda unamkumbuka mtu aliyekupa chungwa. Alinipimia kilo mbili, akaongeza vitunguu vitatu juu, akaniita mwalimu. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa na la kufanya, daftari lilichukuliwa. Sikusema, kwa sababu halikuchukuliwa. Nililipeleka mwenyewe. Niliulizwa nani kaandika, na badala ya kusema tumeandika sote, mimi mbele, nilikwenda chumba cha walimu, nikafungua droo, nikarudi nalo.

Kwa hiyo uliponiambia juzi kwamba mhadhiri wenu anataka kila mmoja aandike shajara ya mazoezi, aonyeshe wazo lipi lilitoka kwa nani, na zitasahihishwa kwa alama, niliamka usiku. Mhadhiri wenu simjui, simsemi vibaya. Shajara ni kitu kizuri. Mtu asipoandika alichojaribu jana na kwa nini kilishindikana, kesho atarudia kosa lile lile na kuliita ubunifu. Wewe hasa unaihitaji, kwa sababu una tabia ya kupenda wazo lako la kwanza, umeirithi kwangu. Andika ulivyoogopa kusimama na kile kiatu. Andika kwa nini mliondoa onyesho la hospitali. Jichambue wewe mpaka mwisho. Lakini kuhusu wenzako, andika "tulijaribu", andika "mmoja wetu". Alama mbili tatu zikipungua, zipungue. Mwambie mhadhiri uso kwa uso kwa nini umeandika hivyo. Kama ni mwalimu, ataelewa.

Nawe usinijibu kwamba leo si 1991. Jana nilikuwa naitazama leo kwenye televisheni.

Na lile zoezi la kumwita mtazamaji aingie jukwaani achukue nafasi ya mhusika, mlilolipata kwa yule Mbrazili wa maigizo, Augusto Boal, nimelipenda, na ndilo linalonitisha zaidi. Atakayeinuka hamumjui, wala wanaomtazama hamuwajui. Msimuulize jina. Mwiteni "ndugu" au "dada". Mkipiga video ya sehemu hiyo, msiirushe mtandaoni usiku ule ule, hata ikiwa nzuri namna gani. Boal mwenyewe alikamatwa kwao mwaka 1971, akateswa, akaishi uhamishoni miaka mingi, kwa hiyo hayo si mambo aliyoyaandika akiwa amekaa barazani.

Sikukatazi. Mamako alitaka niandike kwamba nakukataza, na nimekaa na sentensi hiyo tangu alfajiri, nimeshindwa. Igizeni. Nitakuja kutazama Juni. Nitapanda treni ya saa mbili asubuhi, nitakaa nyuma, sitasahihisha mtu.

Mabati ya upande wa jikoni yanavuja tena na masika yameshaanza. Fundi anataka elfu nne na mia tano, nimemwambia asubiri pensheni. Kwa hiyo mwezi huu nitakutumia elfu mbili tu, nyingine mwisho wa mwezi. Usikope kwenye simu. Nyanyako anakuulizia kila siku, anadhani umeenda Nairobi kuolewa na hatukumwambia. Mpigie Jumapili baada ya adhuhuri, asubuhi huwa amelala. Paka amezaa tena juu ya kabati lako la vitabu, watatu, mamako hataki waondolewe.

Halafu ile leso anayojitanda muuza maji kwenye video, mamako ameijua. Ni yake ya harusi, ile ya Mcheza kwao hutunzwa, ameitafuta sandukuni tangu Idi akimshuku shangazi yako. Alikasirika, kisha akairudisha video nyuma aone kama jina la leso linasomeka kutoka mbali. Linasomeka. Anasema mhusika ajitande upande wa pili ili watu wasome vizuri, maana mmeigeuza. Na ile rangi nyekundu mliyoipaka pembeni, ilowekwe kwenye maji baridi ya chumvi kabla haijakauka, isifuliwe kwa maji moto, isianikwe juani.

Ofisi ya wanafunzi inafunguliwa Jumatatu. Nenda na wenzako kumi, mwombe fomu irudishwe mwandike upya. Ukitoka hapo nipigie, hata kama nitakuwa msikitini. Nitaacha simu kwa mamako.

Babako