Fundi asikushushie namba za kioo

Pasua, Moshi

Mwalimu mwenzangu Elinami,

Za Njiro? Shikamoo hatupeani, tumezaliwa mwaka mmoja. Juzi simu ilikatika ukiwa katikati ya kunieleza laptopu unayoitaka, ya inchi 14, na jinsi mwenye duka anavyokisifia kioo chake cha 1920 kwa 1080. Nimeona nikuandikie kabla hujatoa hela.

Yangu ni hiyo hiyo. Siku ya kwanza kuiwasha, herufi zilikuwa kama sisimizi wanaohama. Nikaipeleka kwa kijana fundi mjini. Akabofya mara tatu: “Tayari mzee, zimekuwa kubwa.” Kweli zilikuwa kubwa, maana alishusha rezolusheni, yaani idadi ya vitone vinavyochora picha kwenye kioo, hadi 1366 kwa 768. Nikampa elfu tano, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Kasheshe ikaanza kwenye hesabu za kikoba, ambazo siku hizi naziweka kwenye Excel. Herufi zilikuwa na ukungu, kama wino uliodondokewa na maji, na 3 na 8 zikawa pacha. Mama mmoja alikuwa anadaiwa 38,000, nikamsomea 88,000 mbele ya wanachama wote. Mpaka leo tukikutana soko la Mbuyuni ananijibu salamu akiangalia nyanya.

Kumbe kioo kina vitone vyake kilivyotoka navyo kiwandani, haviongezeki wala havipungui. Changu kina vitone 1920 kwa upana. Ukikilazimisha kionyeshe picha ya vitone 1366, kila kitone cha picha kinadai kukaa juu ya kitone kimoja na karibu nusu ya jirani. Nusu kitone hakuna, basi kompyuta inachanganya rangi, na ukungu wenyewe ndio huo. Mjukuu wangu alirudisha 1920, akaingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, pale palipoandikwa Scale, akapandisha kutoka asilimia 100 hadi 150. Ee bwana! Herufi nene, kingo safi kama za kitabu kipya. Safu za Excel zinaonekana chache kwa mkupuo, lakini hilo nimelisamehe.

Unaikumbuka ile laptopu ya ofisi ya taaluma, nzito kama tofali, inchi 15.6, yenye 1366 kwa 768? Ile ilikuwa na vitone kama 100 kwa kila inchi. Hii ya inchi 14 ina kama 157, ndiyo maana ukiiacha kwenye 100 kila kitu kinasinyaa. Kwenye 150 herufi zinarudi karibu ukubwa ule ule wa zamani, ila sasa zinachorwa kwa vitone vingi zaidi. Kwa hiyo namba anayokutajia mwenye duka usiiogope. Ukipata ya inchi 15.6 yenye namba hizo hizo, na bei haijapishana sana, chukua hiyo. Begi litakuwa zito, lakini sisi tunakwenda wapi?

Halafu kuna miwani. Mimi nilikuwa navaa +2.50 ya kusomea Biblia, ambayo kwa jicho la umri wetu inaona vizuri kwenye sentimita 40 hivi. Laptopu iko mbali zaidi, kwa hiyo nilikuwa natoa shingo kama kobe, jioni kisogo kinauma. Nikachukua futi ya cherehani ya mama watoto, nikapima kutoka jichoni hadi kwenye kioo: sentimita 62. Namba hiyo nikaenda nayo kwa wataalamu wa macho hospitali ya KCMC, nikapata miwani ya pili, +1.50, ya kompyuta tu. Na wewe upime kabla ya kwenda, ukae kama unavyokaa kila siku, siyo kama unapigwa picha.

Ukishainunua nipigie kabla hujampa mtu yeyote aiguse.

Wako,
Aminieli