Wito wa harambee: tuwapeleke watoto na wazee wetu Songea, Februari 27

Ndugu wazazi na walezi, wahitimu wa shule yetu mlioko mbali, na majirani wote: tunawasalimu, na tunawaomba mtusome hadi mwisho.

Februari iliyopita walimu wawili walikodi gari dogo wakawapeleka wanafunzi 11 wa darasa la sita kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, pale Songea mjini. Viti vilitosha hao tu. Wakati wenzake wakimsikiliza mhifadhi mbele ya kaburi la halaiki la mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani, binti mmoja alijitenga polepole akaenda kusimama kwenye kaburi jingine lililo peke yake. Alirudi na swali: "Mwalimu, huyu kwa nini hakuzikwa na wenzake?"

Huyo ni nduna Songea Mbano, kiongozi wa kivita wa Wangoni, ambaye mji mzima unaitwa kwa jina lake. Mhifadhi alieleza vizuri, lakini maelezo yaliyowakaa watoto yalitoka kwa mzee wetu mmoja aliyekuwa ameomba lifti tu kwenda mjini kwa shughuli zake. Aliketi kivulini, akaweka fimbo magotini, akasimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake: kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea ili awatumikie, naye akakataa kubaki nyuma wakati wenzake wamekwisha nyongwa. Basi naye akanyongwa, na kichwa chake kikachukuliwa. Alipofika hapo mzee akahamia Kingoni bila kujijua, na tukaona watoto wanatazamana. Wengi hawakuelewa tena. Ikabidi mtoto mmoja anayelelewa na bibi yake awatafsirie wenzake.

Kamati ya shule imelijadili jambo hilo mara kadhaa. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili watoto wetu wanasoma kwamba Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi. Kwamba mganga Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya kinga dhidi ya risasi, na kwamba alinyongwa Agosti mwaka huohuo. Wanayaandika vizuri kwenye mtihani. Wasichokipata darasani ni namna vita hivyo vilivyoingia kwenye nyumba za huku kwetu. Wajerumani walichoma maghala na mashamba kwa makusudi ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba watu waliokufa walifika 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo. Wazee wetu wanajua familia zipi zilikimbilia ng'ambo ya Ruvuma na zipi hazikurudi. Hayo hayamo kwenye kitabu cha darasa la sita, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Tangu ziara ile tumeshazika wawili.

Kila Februari 27 makumbusho huwa na kumbukizi ya mashujaa 67 walionyongwa mwaka 1906. Wazee hukusanyika, ngoma ya lizombe huchezwa, wageni hutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa babu zao, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna. Ikiwa mtu ametoka Berlin kuja kusimama kwenye kaburi lile, sisi tulio mwendo wa saa mbili kwa basi hatuna sababu ya kuwaacha watoto wetu nyumbani.

Tunachoomba si safari ya matembezi. Tunataka wazee na watoto waende pamoja, kwenye gari moja, wakae pamoja, na watoto wawaulize wanachotaka. Tumepanga msafara uwe wa watu 67, kwa heshima ya wale 67: wanafunzi 52, wazee 11 na walimu 4. Kila mzee atakuwa na kundi lake la watoto wanne au watano tangu asubuhi hadi jioni. Watoto watarekodi simulizi zake kwa simu, kisha wakirudi wataziandika kwenye daftari kubwa, Kingoni upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na daftari hilo litakaa maktaba ya shule. Kwangu mimi ninayefundisha somo hili, daftari hilo ni kubwa kuliko safari yenyewe.

Gharama yote ni shilingi 3,200,000. Sehemu kubwa ni basi, halafu chakula, malazi ya usiku mmoja na fedha kidogo ya dharura, maana miongoni mwa wazee wapo wanaotumia dawa kila siku. Hadi leo tumepata shilingi 1,050,000, nyingi zikitoka kwa wahitimu wetu na kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambao walichanga kabla hata hatujawaandikia. Mungu awabariki.

Tunawaomba sasa, mahindi yakiwa bado ghalani, kwa sababu tunaijua Februari ya huku: fedha yote inakuwa imeingia kwenye mbolea ya kukuzia, na hakuna nyumba ya kuibishia hodi. Asiye na fedha alete debe la mahindi au maharage. Kamati itauza kwa bei ya siku hiyo na kumwandikia stakabadhi kama mwingine yeyote. Mwenye gari imara anayeweza kututolea lori au basi kwa siku mbili, huyo atakuwa ametushusha mzigo mkubwa kuliko wote.

Mchango huu ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayeulizwa darasani mzazi wake ametoa nini, na wanafunzi 52 watachaguliwa kwa kura mbele ya wazazi, si kwa michango. Hesabu zitabandikwa kwenye mbao za matangazo za shule kila Ijumaa, na kama fedha itazidi, itanunua vinasa sauti ili simulizi zisitegemee simu za walimu.

Daftari la michango liko kwa mtunza hazina wa kamati, pale ofisi ya shule, kila siku ya masomo hadi saa kumi jioni. Siku ya harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Wazee wote 11 wamekwisha kubali kwenda. Mmoja wao, bibi wa miaka zaidi ya 80, ameuliza jambo moja tu: kama basi litakuwa na ngazi fupi. Tumemwahidi kwamba hata kama haina, wapo wajukuu 52 wa kumpandisha.