Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Mswaki na Mkilifi Mbele ya Bakteria

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalamu aleikum.

Karibu Lamu, na karibu mezani petu. Ulivyoviona ni mizizi ya mswaki na majani ya mkilifi, ambao wengi huuita mwarobaini. Tunapima kama miti hii huzuia bakteria kukua. Haitaki kutendewa sawa, na makosa mengi ya kuipima huanzia hapo.

Mkilifi ni mvumilivu. Majani hukaushwa kivulini siku 7, yakatwangwa, na gramu 10 za unga zikalowekwa katika mililita 100 za ethanoli, yaani alkoholi, ya asilimia 70 kwa saa 48. Ikishachujwa, mikrolita 20 hutiwa kwenye kiduara cha karatasi ya chujio chenye upana wa milimita 6. Kikauke kabisa! Kikiwekwa kibichi juu ya agari, yaani rojo lililoganda ambalo bakteria hukuzwa juu yake, ethanoli yenyewe huua bakteria, pete isiyo na bakteria ikaonekana kukizunguka, na mti ukasifiwa kwa kazi isiyo yake. Ndiyo maana kila sahani ya agari ina kiduara cha pili cha kulinganishia, kilichotiwa ethanoli tupu kikakaushwa vivyo hivyo.

Kwa mswaki, kukausha ndiko kuharibu. Mzizi mbichi ukikwanguliwa, kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, hukutana na kemikali nyingine ya mzizi, glukotropeolini, na kutoa benzili isothiosianeti, ule ukali unaopanda puani mtu anapoutafuna. Ukali huo huruka na hewa. Ukiuchemsha mzizi, kimeng'enya huharibika kabla hakijafanya kazi. Kwa hiyo tunakwangua gramu 1 papo hapo, tunaitandaza kwenye kifuniko, kisha tunaifunika kwa sahani iliyopinduliwa. Mzizi haugusi agari. Mvuke ndio unaopanda.

Tunapanda bakteria Escherichia coli wa aina ya K-12, wasioleta maradhi, kwa nyuzi 30 na si 37, joto la mwili lisije likalea vijidudu vya hatari. Sahani haifunguliwi tena mpaka ipikwe kwenye sufuria ya presha kwa nyuzi 121, dakika 15.

Wazazi wetu, pete kwenye sahani si ruhusa ya kunywa. Mafuta ya mkilifi yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Mheshimiwa, tunaomba inkubeta moja, yaani kabati la kutunzia sahani kwa joto lisilobadilika, mizani inayosoma gramu 0.01, na miche ya mswaki ya kupanda nyuma ya maabara, kwani mti uliochimbwa mizizi pande zote hukauka.

Ahsante.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Sayansi.